Chumba Kilichopimwa kwa Utepe

Siku ya kwenda kukikagua chumba, mama alichukua utepe wake wa kupimia nguo. Nyumba tuliyokuwa tukiishi ilikwisha kupigwa alama nyekundu ipishe barabara, na hatukuwa na nafasi ya kuchagua. Hata hivyo alikagua kama fundi cherehani: upande wa dirishani ungeienea meza ya kukatia, na mwanga wa asubuhi ungeangukia kwenye sindano. Akabonyeza swichi, taa ikawaka, akaridhika. Mwenye nyumba alipokea kodi ya miezi sita na kutuonya kwamba ikishaingia hairudi.

Kodi hiyo ilikomba akiba yote. Lori la kutuhamisha lilikuwa bado kulipwa. Mama alikuwa na cherehani mbili: ya kukanyaga, nzito, aliyoachiwa na bibi, na ndogo ya umeme aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi. Dereva aliizunguka ile nzito, akacheka.

"Mama, hili dude nalo ni abiria. Nauli yake ya watu wanne."

Mama naye akacheka, kisha akamuuzia fundi jirani cherehani hiyo ili tupate pesa ya lori. Nilipomkumbusha kwamba hamadi ni iliyo kibindoni, alisema miguu yake imekanyaga vya kutosha.

Asubuhi ya kwanza mahali pageni, mama mmoja wa mtaani alileta vitambaa vya sare za wanawe, akazitaka kabla shule hazijafunguliwa. Mama alichomeka waya. Hakumaliza hata mshono mmoja. Umeme ulikatwa, na mwenye nyumba akasimama mlangoni.

"Mama, hapa mita ni moja, tunachangia wote. Taa, redio, simu, basi. Mashine ya biashara, hapana."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilikuona unapima ukuta, nikajua unatafuta pa kuweka kitanda."

Mama aliahidi kuchangia maradufu. Akajibiwa kwamba wapangaji wenzetu wamekwisha kulalamika. Mgeni ni kuku mweupe, hata mlio wa mashine yake husikika zaidi. Mita ya peke yetu ingegharimu zaidi kuliko kodi tuliyolipa. Nikamsihi aturudishie japo nusu, tutafute kwingine. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema fedha hiyo imekwisha kuezeka paa la nyuma.

Tukampigia simu fundi jirani. Naye alikuwa amebomolewa nyumba. Cherehani ya bibi aliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwani, alisema, hata lori lake yeye lilikuwa na dereva aliyedai nauli ya dude lile.

Mama hakulia. Aliketi dirishani, akaanza kuzungusha gurudumu la cherehani ya umeme kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukisukuma kitambaa. Mshono ukaenda upogo. Akaufumua, akaanza upya, ukapinda tena. Yule mama mwenye sare alipopita kuchungulia, aliutazama mkono ule kwa muda, kisha akavikunja vitambaa vyake taratibu.

"Usijali, dada. Nitapita siku nyingine."

Alipotoka, mama aliendelea kuzungusha gurudumu, ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitu. Mwanga uliangukia pale pale alipopima. Na chini ya meza, juu ya saruji tupu, miguu yake ilikuwa ikikanyaga.