Saa Tisa ya Karatasi

Usiku wa jana niliota kwamba ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na baraza letu la ardhi limehamia ndani ya shamba la tangawizi. Jengo lilikuwa limebaki ukuta mmoja. Ukutani ilitundikwa saa ya mviringo, na chini yake ilikuwapo meza yangu ya ukarani, imezama kwenye udongo mwekundu hadi droo ya pili.

Nililitambua shamba. Ni la Bi Nakijwa Mbwambo, mjane wa huko milimani, mdai katika shauri namba 41. Shemeji yake, Elirehema, alisogeza mipaka wiki tatu baada ya mazishi ya mumewe. Mdai asipofika siku ya kusikilizwa, shauri linaondolewa na shemeji anabaki shambani. Hayo si ya ndotoni. Yamo kwenye faili, na shauri lilipangwa kusikilizwa leo.

"Karani," muhuri uliniita kutoka kwenye pedi ya wino. "Kwenye samansi ya mama yule uliandika saa ngapi?"

"Niliandika inavyotakiwa."

"Soma."

Nikasoma. Kwa miaka kumi na mmoja fomu za wito zilikuwa za Kiingereza. Mwezi uliopita zililetwa mpya, za Kiswahili, ili kila mwananchi aelewe anachoitiwa. Maneno yote yalikuwa yametafsiriwa. Tarakimu nilizijaza mimi, nikinakili kutoka kitabu cha ratiba cha Mwenyekiti, ambacho bado ni cha Kiingereza. Fomu ilisema: Fika bila kukosa saa 9:00.

"Saa tisa," muhuri ukasema. "Alasiri. Mwenyekiti anaanza saa tatu asubuhi. Na juu yake umenigonga mimi, kwa hiyo sasa ni kweli."

Natazama ng'ambo ya bonde. Bi Nakijwa anapalilia. Hana haraka yoyote.

"Mama! Njoo! Shauri lako linaanza!"

"Shikamoo umeiacha wapi, karani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Karatasi imesema saa tisa. Safari hii sikumwomba mtu anisomee. Nimeisoma mwenyewe, mara mbili."

"Ni saa tatu, mama. Tatu!"

"Sasa nikuamini wewe au niiamini serikali?"

"Karatasi niliijaza mimi."

"Basi ni wewe uliyesema tisa." Akainama tena kwenye tuta lake.

Saa ya ukutani ikafika tatu kasoro dakika moja. Mwenyekiti akaingia. Kilikuwa kiti.

"Mwenye yuko wapi?" niliuliza.

"Hajafika," kiti kikajibu. "Mimi naendelea. Shauri namba 41. Mdai?"

Elirehema alikuwa amekwisha kusimama, suti imepigwa pasi, mkononi kigingi cha mpaka. "Mheshimiwa Kiti, shemeji yangu ni mtu wa usingizi. Hata marehemu kaka alilalamika."

"Mwongo," zikasema tangawizi kutoka chini ya udongo. "Huyu mama anatuamsha sisi."

"Tangawizi hazijaapishwa," kiti kikasema. "Mdai hayupo. Shauri linatupiliwa mbali."

Wazee wawili wa baraza wakashika pembe za shamba. Wakalikunja kama mkeka, wakalinyanyua hadi mabegani, wakaanza kulipembeza tayari kulitupa. Bi Nakijwa alikuwa bado ndani yake, anapalilia kwenye mteremko uliokuwa ukizidi kusimama.

"Mbali ni wapi?" nikauliza.

"Popote ambapo mdai hawezi kufika kabla ya saa tatu," kiti kikajibu. "Ana haki ya kukata rufaa." Kikanisogezea mkasi. Ulikuwa na upande mmoja.

"Moja," wakahesabu wazee.

Mshale mfupi wa saa ukakohoa. "Karani, unahangaika bure. Tangu nilipoundwa naonyesha tisa, na ninyi mnasoma tatu, upande nisiouelekea. Sijawahi kulalamika, maana kila mtu hapa anajua kunisoma. Lakini karatasi yako haina mshale."

"Nifanye nini?"

"Nigeuze."

"Mbili," wakasema wazee.

Meza ya serikali haikanyagwi na viatu. Ninavua, ninapanda. Kiatu cha kushoto kinabingirika na kuingia ndani ya shamba lililokunjwa. Ninaishika saa kwa mikono miwili, ninaizungusha nusu duara. Jua linahama kutoka mashariki hadi magharibi bila kupita katikati. Vivuli vinageuka. Ni saa tisa alasiri.

Bi Nakijwa akaweka jembe chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaanza kupanda mteremko kwa magoti. "Nakuja," akasema. "Si nilisema nitafika?"

"Alipoitwa hakuwapo," Elirehema akapiga kelele. "Litupeni!"

"Ni tatu, mama!" nami nikapaza sauti kutoka juu ya meza. "Shika hilo tu. Tatu!"

"Ta—" wazee wakaanza.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Nikachukua simu, nikatafuta namba ya mdai kwenye nakala ya wito niliyokuwa nayo mkobani, nikapiga. Ilipokelewa mara moja. Nyuma yake injini ya lori ilikuwa ikinguruma.

"Shikamoo, mama. Ni karani wa baraza la ardhi. Kuhusu ile samansi yako, ile saa iliyoandikwa—"

"Marahaba. Ni tatu, ulishanieleza. Nipo juu ya lori la tangawizi, tumebakiza vijiji viwili." Akapaza sauti kuishinda injini. "Na kiatu chako cha kushoto ninacho, mwanangu. Nimekikuta kwenye tuta. Nitakupa getini."

Niliinama, nikatazama chini ya kitanda. Kilikuwapo cha kulia tu.