Notisi ya Hasira

Baba Pacha, fundi wa kunyoosha bodi za magari, alikuwa na dawa moja ya kumaliza ugomvi nyumbani. Uwe wa chumvi, uwe wa mashemeji, akizidiwa hoja alikohoa kidogo na kuuliza: "Kwani mkataba wa nyumba hii una jina la nani?" Mkewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke asiyekosa jibu, hapo alinyamaza. Kwa miaka tisa dawa hiyo haikuwahi kumwangusha.

Safari hii waligombana kwa sababu ya kabati. Ndiyo, kabati. Mkewe alilihamishia sebuleni bila kumuuliza, naye akapandwa na mori, akabeba begi na kuhamia kwa kaka yake. Huko alikaa akingoja kubembelezwa. Simu haikulia. Siku ya tatu, kiburi kikiwa kimemfika kooni, aliandika notisi ya kuiacha nyumba mwisho wa mwezi. Akaipenyeza chini ya mlango wa mwenye nyumba, na nakala akampelekea mkewe. Hakutaka kuhama hata kidogo. Alitaka kumtisha tu, mama wa watu aje mbio kuomba radhi.

Wiki tatu akajikaza kisabuni. Gereji aligonga bati mpaka wenzake wakamuuliza kama gari limemtukana. Mwisho aliwakumbuka mapacha wake wakigombania kumvua viatu, moyo ukalainika, akaenda kuifuta notisi.

Mwenye nyumba, mkunga mstaafu, alikuwa anaanika mashuka uani.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Nyumba ina watu wengine tangu juzi."

"Na mke wangu?"

"Aliondoka siku ileile ya notisi. Mimi nilikuwa kwa binti yangu aliyejifungua. Niliporudi nikakuta funguo kwa jirani, na kijibarua: asante mama, tumeondoka, jina langu halimo kwenye mkataba. Nikadhani mmekubaliana."

Baba Pacha alitafuta pa kukaa, akaegemea ukuta.

"Laiti angeningoja!" mama yule aliendelea, kibanio mkononi. "Mke hatolewi nyumbani kwa sababu hakuandikwa. Mume akiondoka, yeye ana haki ya kubaki na kuendelea na mkataba. Si nilikueleza siku unatia saini? Nikakwambia umweleze na mwenzio."

"Ulinieleza, mama."

Alikumbuka vizuri mno. Alitoka na karatasi mkononi, mkewe akiwa anapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Akaulizwa, "Kasemaje?" Akajibu, "Hakuna la maana." Hakupanga kumdhulumu. Ilimpendeza tu kujiona yeye ndiye mwenye nyumba, halafu mwaka ukapita, na kusema ukweli kukawa na aibu yake. Sasa alijichukia kwa jambo dogo kiasi hicho.

Alisimama barabarani mbele ya geti, akapiga simu. Mkewe alipokea.

"Mama Pacha, usikate. Nimetoka kwa mwenye nyumba. Hukupaswa kuondoka. Ulikuwa na haki ya kubaki hapo na watoto, jina liwemo lisiwemo."

Kwa mbali aliwasikia mapacha wakisoma kwa sauti.

"Tunalala sakafuni kwa mama yangu, watatu godoro moja," mkewe alisema taratibu. "Watoto wameacha shule yao. Haki hiyo wewe umeijua lini?"

Angeweza kusema leo. Mwenye nyumba asingekuja kumsuta, na mkewe angemwamini, kama alivyomwamini miaka yote.

"Siku tuliyohamia," alisema, na machozi yakamtoka hapohapo mbele ya wapita njia. "Nisamehe, mke wangu. Nisamehe."

Alingoja atukanwe. Ingekuwa nafuu.

"Nimesikia," mkewe alisema. "Ukitaka kuwaona watoto, mpigie mama kwanza umwombe ruhusa. Sisi hapa ni wageni."