Damu ya Mguuni

"Chukua mguuni," Vumilia alisema, akaanza kuvua kiatu.

Muuguzi Paskalia alikuwa ameshamshika kidole, kisindano tayari. "Mguuni kuna nini, Mama Juliana?"

"Kizito hukaa chini. Ukichota juu utapata maji matupu."

Alisema anachokijua. Kwenye machimbo ya nje ya Kahama, wachimbaji humletea mawe yaliyosagwa, naye huyazungusha na maji kwenye karai mpaka dhahabu, kama ipo, ituame. Akitikisa kichwa, shimo linaachwa. Leo anayepimwa ni yeye, na aliogopa kwelikweli.

Mwaka jana alikimbilia rashi mpya, machimbo yaliyofumuka ghafla upande wa Geita, na dawa zake za VVU zilipoisha hakurudi kuchukua nyingine. Dhahabu ina wazimu wake. Alirudishwa Kahama akiwa hajiwezi, CD4 zimeshuka vibaya, akaanzishiwa dawa upya, na mama yake akamchukua Juliana kwenda kukaa naye Kambarage, mjini Shinyanga. "Zikipanda, nitamrudisha," mama alisema. "Zisipopanda, niachie nimlee."

Paskalia alicheka mpaka akaweka kisindano chini. "Damu inazunguka, dada yangu. Ya mguuni na ya kidoleni ni ile ile."

Akamtoboa kidole. Majibu yalitaka subira, na Vumilia hakuwa nayo.

"Hivi hizo CD4 ni kitu gani hasa?"

"Ni kishikio kwenye ngozi ya askari wa mwili. Askari mwenzake akimletea kipande cha mdudu, hukitumia kumshika mwenzake huyo ili akikague kipande hicho vizuri. Sasa kirusi nacho kinadandia hapo hapo, kinaingia ndani."

"Kama ndipo mwizi anapopitia, si kingekwisha kuondolewa tangu zamani?"

"Aondoe nani? Kishikio hicho ni cha kale, hata samaki wanacho cha jamii hiyo. Kirusi hiki kimetuingia juzi tu. Halafu bila kishikio askari hafanyi kazi. Dawa zinazuia kirusi kisizaliane, askari wapya wapate kukua."

Vumilia akatafuna ukucha. Paskalia alikipeleka kipimo dirishani, akakitazama, akakitazama tena.

"Zimepanda."

"Sema tena."

"Zimepanda, Mama Juliana! Ila dawa huachi, hata rashi itokee uani kwako."

Vumilia alikaa, akacheka, akalia, akaomba maji, na yalipoletwa akasahau kuyanywa. Mzigo wa miezi yote ulimtoka kifuani, akapumua kama mtu aliyetolewa shimoni. Kisha akampigia mama yake simu Shinyanga.

"Mayu, shikamoo."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Zimepanda, Mayu."

Vumilia alisikia simu ikiwekwa chini bila kukatwa, kishindo cha kigoda kikiburutwa, na kwa mbali sauti ya mama yake, imekwaruza kidogo, ikimwita mtoto aache mchezo, aje asukwe nywele za safari ya Kahama.