Hata Tone Moja Lisiguse Simiti

Mbuvi alijenga gereji kabla ya kuwa na gari. Watu wa Mwingi walicheka mpaka wakachoka, na yeye akaendelea kupima mlango kwa kamba, akisema mtu aliyekuwa karani wa ushirika maisha yake yote hawezi kulaza gari nje. Gari lipi? Litakuja, alisema. Muthoki, mkewe, alinyamaza. Kuna mambo ya mume ambayo ukiyajibu yanaongezeka.

Lakini kwenye sakafu hakunyamaza. Simiti ilinunuliwa na Mbuvi, sawa, ila mchanga na maji havikujileta. Vililetwa kutoka mto Tyaa na akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, ambacho Muthoki alikuwa mwenyekiti wake. Kwenye mwethya hakuna anayelipwa. Leo tuko kwako, kesho tuko kwangu. Na hiyo kesho ilitajwa waziwazi, Mbuvi akiwa amekaa pale pale na kikombe cha chai: ndengu zikivunwa, zitaanikwa na kupurwa juu ya simiti hiyo. Njaa ya mwaka wa themanini na nne ilikuwa imewalazimisha kula hata mbegu. Sasa mvua ilikuwa imerudi, na hakuna aliyetaka mavuno ya kwanza yaanikwe chini, yajae mchanga, halafu mnunuzi ayakatae.

"Hiyo ni maneno kidogo," Mbuvi alisema. "Nimekubali." Muthoki akawaambia wenzake wasiwe na wasiwasi, yeye mwenyewe ataisimamia ahadi hiyo.

Kisha gari likaja. Lilikuwa pikapu la bluu, yaani bluu pale rangi ilipobaki. Aliyemuuzia ni Faki, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye alikabidhi ufunguo haraka haraka na kuondoka bila hata kungoja chai. Mtu mwingine angejiuliza. Lilivuja oili ya injini, likavuja ya giaboksi, likavuja maji ya rejeta, na kuvuja kwa breki kulikuwa nyongeza ya bure. Asubuhi ya kwanza Mbuvi alifungua mlango, akaona doa jeusi katikati ya simiti yake, akapiga kelele "Aiya!" mpaka Muthoki akachukua panga akidhani ni nyoka.

Sasa, gari la mtu wa kawaida likivuja, anaita fundi. Mbuvi? Fundi gani, aje amfungulie injini mle ndani na kumwaga uchafu zaidi? Hapana, mgonjwa alikuwa sakafu. Akaimwagia jivu. Akaimwagia mchanga. Akaenda kwa Jonah seremala, akarudi na gunia la unga wa mbao, akatandaza, akafagia, akasugua kwa sabuni ya mche na maji ambayo Muthoki alikuwa ametoka kuyateka alfajiri. Akatega madebe chini ya gari, akatega karai la kufulia. Siku moja Muthoki alitafuta sufuria ya ugali nyumba nzima, akaikuta imelala chini ya giaboksi, imejaa nusu.

"Baba Kiema, hii ni ya chakula."

"Si itaoshwa?"

"Na ni wewe utakula hicho chakula?"

Mbuvi alimwambia asilete siasa.

Tumpe haki yake: sakafu iling'aa. Alikuwa anawaita wageni kuitazama, na wageni walipouliza habari ya gari alikunja uso, kana kwamba wameuliza habari ya shemeji mlevi. Na kadiri simiti ilivyong'aa ndivyo alivyosahau ilikotoka. Ndengu zilipoanza kukauka mashambani, Muthoki alimkumbusha, akajibiwa kwa mshangao mkubwa.

"Ndengu? Hapa? Akina mama wote hao na fimbo zao wanipigie simiti? Sakafu ya gari ni ya gari, Mama Kiema. Waambie watafute turubai."

"Uliwaahidi."

"Niliahidi kabla haijakuwa nzuri hivi."

Muthoki alitoka nje akakaa jikoni bila kuwasha moto. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Susu Kalunde, bibi kizee wa kikundi, alikuwa amebeba mchanga ule kwa mgongo ambao hata kunyooka ulikuwa umekataa. Atamwambia nini? Turubai?

Mbuvi naye alikuwa amegundua dawa. Alisimama mlangoni akaieleza kwa sauti ya mkutano: oili anayoweka inaenda wapi? Chini. Basi haweki tena. Gari lisilonyweshwa halikojoi. Na kweli, matone yakapungua, yakawa ya kuhesabika, na asubuhi moja akamwita Muthoki mbio.

"Angalia! Hata tone moja! Limeshika adabu!"

Muthoki aliinama. Sufuria yake ilikuwa kavu kabisa. Yeye si fundi, lakini amepika miaka mingi, na sufuria iliyoacha kufurika humtia wasiwasi.

"Si pengine imeisha huko ndani?"

"Wewe pika. Injini ina wenyewe."

"Haya," Muthoki alisema. Alikuwa ameuliza, na hakuuliza tena.

Jumamosi Mbuvi alivaa suti na tai, akawasha gari kwenda harambee ya kanisa ng'ambo ya mto. Ufunguo wa gereji aliuacha kwenye msumari, kwa sababu haikuwahi kumwingia akilini kwamba mkewe ana mikono. Vumbi halijatulia, Muthoki akauchukua. Katika ndoa yao hakuwahi kufungua mlango ambao Mbuvi ameufunga. Akaufungua. Akaita wenzake waliokuwa karibu, wakafagia, wakamwaga ndengu magunia kwa magunia mpaka simiti yote ikawa kijani, ukuta kwa ukuta. Wengine wakaenda kuleta zilizobaki ng'ambo ya mto.

Mchana alisikia wimbo unakuja, na Susu Kalunde ndiye aliyekuwa anauanzisha. Muthoki akafurahi: ndengu hizo. Akatoka kuzipokea. Zilikuwa ndengu kweli, magunia matano nyuma ya pikapu, na pikapu lenyewe lilikuwa linavutwa kwa kamba za katani na akina mama wanaotiririka jasho. Nyuma ya usukani alikaa Mbuvi na tai yake, akitazama mbele kwa heshima zote.

"Tumemkuta Tyaa," Susu Kalunde alisema akihema. "Gari limelia mara moja, limetoa moshi, limekufa. Tukasema hatuwezi kumwacha baba wa watu mchangani."

"Ingizeni ndani!" Mbuvi aliita dirishani. "Polepole, msikwaruze..."

Hapo akaona. Wimbo ukakatika.

"Nani amefungua?"

"Mimi," Muthoki alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Mimi."

Mbuvi alifungua mdomo. Susu Kalunde alikuwa bado ameshika kamba, mgongo umepinda.

"Tulivute juu ya ndengu, mwanangu?" aliuliza kwa upole sana. "Sema tu. Kazi tumeshazoea, hata mchanga tulibeba sisi."

Wote walimngoja. Mbuvi aliangalia kamba, akaangalia mikono iliyoishika.

"Liacheni hapo," alisema.

Lilibaki juani, kuku wawili wakaingia chini yake papo hapo. Mbuvi alishuka, akajivuta mpaka mlangoni kuangalia kama simiti yake imekwaruzwa, akanyanyua mguu aingie.

"Viatu," Muthoki alisema.

Mbuvi aligeuza soli. Zilikuwa nyeusi tititi kwa oili ya kupapasa papasa injini kule mtoni. Akina mama waliangalia pembeni, mabega yakitikisika. Muthoki hakucheka. Aliinama akachungulia chini ya pikapu, kwa makini, jinsi mumewe alivyozoea kufanya kila asubuhi.

"Baba Kiema, njoo uone," alisema. "Hata tone moja."

Mbuvi alikuwa amechutama, anafungua kamba za viatu.