Bonge la Alumini

Mshale wa mizani ulisogea, na Profesa Wendisch akaisahau keki mkononi. Alikuwa anatimiza miaka sitini na nne, na kwetu Dresden mwenye siku ya kuzaliwa ndiye huleta keki kazini. Yake ilikuwa ya plamu, aliioka mwenyewe.

"Unaona, Gesine? Leo injini inasukuma kuliko siku zote. Na wewe umenuna tangu asubuhi kama mtu aliyenyang'anywa mume."

Sikucheka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiijenga injini isiyochoma mafuta, inayokula umeme tu. Roketi tulizonazo zingechukua miaka elfu sabini kuifikia nyota ya jirani. Injini yake, kama kweli inasukuma, ingemfikisha mtu angali hai. Wenzake walimcheka hadi akazoea. Jumatatu iliyofuata angesimama mbele yao na vipimo vyetu.

Mpimaji nilikuwa mimi, na vipimo hivyo vilininyima raha. Wiki ile, bila kumwambia, niliitoa injini ndani ya tangi lisilo na hewa tulimoipimia, nikaweka mahali pake bonge la alumini la uzito uleule. Nyaya nikaziacha zipitishe umeme kama kawaida. Niliomba mshale usisogee. Ukasogea. Nyaya zetu wenyewe zilikuwa zikipata joto, zikitanuka, zikiisukuma mizani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuwa mwoga. Nilitaka angalau amalize keki yake, lakini alikwishashika simu ampigie dada yake kumpa habari njema.

"Profesa, ndani hamna injini."

Alinitazama, kisha akautazama mshale. "Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Nimerudia mara kumi na nne."

Aliweka simu chini. Hakuniuliza kwa nini nilimficha, na hilo linaniuma hadi leo, maana jibu nilikuwa nalo: nilimpenda mzee yule kuliko baba yangu. Alivuta daftari, akaandika matokeo kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi, akanisogezea nami nitie.

Jina langu la kwanza, badala ya jina la ukoo, alianza kuniita mwaka wangu wa pili pale, tena kwa kunigongea glasi ya mvinyo, na kwetu mtu akishakuita hivyo harudi nyuma.

Nikatia sahihi.

"Asante, Bi Noack," alisema.