Matendegu Mawili Upande wa Kulia

Siku Hamis alipoingia chumbani kwa mke wake mkubwa na kukitazama kitanda kwa uchu, Siti alidhani mambo yake yamenyooka. Zamani gani mwanamume yule hajakitazama kitanda kile namna hiyo. Siti akajitengeneza khanga, akakohoa kidogo, akasogea. Hamis akapiga magoti upande wa miguuni, pale ambapo kirungu cha shaba kiling'oka juu ya tendegu na kuacha bomba wazi, akachomeka kitako cha fimbo yake ya kuvulia samaki. Kikaingia, kikakaa sawasawa.

"Mama Mwanaasha," akasema, uso umemng'aa, "hapa nimepata."

Siti akabaki na khanga yake mkononi. Kumbe mapenzi yote yale yalikuwa ya bomba.

Hamis alikuwa dereva wa malori Tunduma miaka mingi, na malori yalimwachia mgongo mbovu na marafiki ng'ambo ya mpaka. Ulipofika ule mwaka wa taabu, sabuni inatafutwa kama dawa ya mtoto na sukari inasimuliwa tu, akawachukua wake zake wawili, akashuka nao bondeni kupita Msangano hadi kijiji cha ujamaa kilichokuwa kandokando ya Ziwa Rukwa. Akanunua boti ya mbao yenye mashine. Wenzake walitega nyavu. Yeye alitaka kuvua alivyoona watu wakivua kule Mpulungu, boti inatembea polepole, fimbo mbili zimesimama nyuma, nyuzi zinaburura chambo majini, na mvuvi mikono yake mitupu, anaendesha tu. Fimbo alizipata. Kilichokosekana ni vikombe vya kuzichomekea.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Mianzi ilipasuka siku hiyo hiyo. Gogo lililotobolewa lilivimba kwa maji likaing'ang'ania fimbo mpaka ikabidi lipasuliwe kwa shoka. Bomba la baiskeli lilikuwa jembamba. Alipanda Tunduma, akazunguka mpaka Mpemba, hana cha kubadilishana, akaambulia vumbi. Mabomba aliyoyaona kwenye reli mpya yalikuwa mali ya umma, na Hamis aliyapita akiangalia pembeni asije akatamani. Sasa dawa ilikuwa chumbani kwake mwenyewe, na kitanda kile alikinunua yeye, Nakonde, mwaka aliomwoa Siti.

Siti akamuuliza kwa upole, upole ule ambao Hamis alipaswa kuuogopa, kama kitanda cha Tabu, mke mwenzake, nacho si cha chuma.

"Cha Tabu bado kipya," akajibu Hamis, anapima kwa kamba wala hana habari.

Basi hapo ndipo moto ulipowaka. Tabu alikuwa mke mdogo, nyumba yake ng'ambo ya ua, msichana wa Chitete mwenye sauti ya taratibu na mwendo usio na haraka. Tangu aingie, Hamis hakukosa zamu hata moja kwa Siti. Alikuja, alikula, alisifu mboga, kisha akalala chali akaanza kukoroma kabla taa haijazimwa. Kwa Tabu, Siti alikuwa akisikia vicheko. Na Siti alikuwa na masikio ya kuvuka ua, na asiposikia kitu, alisikia zaidi.

Akasema hivi: kama ni kukata, vikatwe vitanda vyote viwili, kila kimoja tendegu moja. Kama si hivyo, atakwenda mwenyewe kwa Shehe Othmani aulize hukumu ya mume anayebomoa nyumba moja ili aivulie nyingine. Hamis alikuwa haogopi mamba wala kiboko, lakini tangu utotoni alikuwa amesikia kwamba mume asiyesawazisha wake atafufuliwa ubavu wake mmoja umelala. Akakubali. Na kwa kuwa alishaanza kusawazisha, akaendelea: fimbo itakayokaa kwenye tendegu la Siti italisha jiko la Siti, na ya Tabu jiko la Tabu. Vitanda vilivyobaki na matendegu matatu vitaegemezwa kwa matofali. Fimbo itakayotangulia kumtoa samaki wa maana, nyumba yake ndiyo itakayoletewa bomba kwanza kutoka mjini.

Alilisema kama mzaha, lakini kila mtu katika ua ule aliijua hesabu yake. Matofali ya udongo hayakuubeba mwili wa Hamis. Usiku wa kwanza tu kitanda cha Siti kilimwangusha, cha Tabu kikafuatia. Mgongo ule haukuweza kulala mkekani. Mwanamume akahamia kwenye kiti cha kamba barazani, na Siti akaelewa vizuri sana kwamba kitanda kitakachosimama kwanza ndicho kitakachompata mume.

Kazi ya kufunga vikombe alipewa Boazi, seremala wa Kinamwanga aliyeiunda boti yenyewe. Boazi alikuja na keke yake ya kutobolea, vipande vya pipa vya kufungia, na misumari ya nati. Alishafikiri: kikombe kimoja kulia, kimoja kushoto, vyote vilalie nje na nyuma kidogo, ili nyuzi ziende mbali na povu la mashine na zisikutane. Akaweka alama kwa mkaa. Siti, aliyekuwa amekaa kwenye mchanga tangu asubuhi akijifanya anachambua mboga, akauliza Hamis hukaa upande gani anapoendesha.

Akaambiwa kulia.

Basi cha kwake kiwe kulia, akasema Siti, yeye ndiye mkubwa. Tabu naye, aliyekuwa amekuja na uji wa mafundi, akasema bila kupandisha sauti kwamba hakuolewa awe wa mkono wa kushoto, mkono unaojulikana kazi yake. Wakatazamana. Hamis akamtazama Boazi. Boazi akaitazama keke.

"Viwe kulia vyote," akasema Hamis.

"Mzee Hamis, nyuzi zitashikana hizo," akasema Boazi. "Boti yenyewe italalia upande mmoja."

"Heri zishikane nyuzi."

Ndivyo yalivyofungwa matendegu mawili upande wa kulia, bega kwa bega, kama wake wenza kwenye picha. Siti alipima urefu kwa ncha ya khanga. Aliona cha Tabu kimelalia upande wa Hamis kidogo, akataka kinyanyuliwe, kikanyanyuliwa mpaka vyote vikasimama wima na ile busara ya Boazi ya kuvilaza ikapotea. Zikaja nyuzi. Hamis alikuwa na uzi mweupe na wa buluu, na ule wa buluu ulikuwa umeshafungwa kwenye fimbo ya Tabu. Siti akaona ni mzuri zaidi. Ukafunguliwa, fimbo zote zikafungwa uzi mweupe wa bunda moja, ndoano za namna moja, chambo cha samaki mmoja aliyepasuliwa katikati. Kama kuna haki duniani, siku ile ilikaa nyuma ya boti ya Hamis.

Asubuhi ya kujaribu, wake wote wawili walipanda, maana hakuna aliyekubali mwenzake aende peke yake. Wote wawili walikaa kulia. Boazi akatumwa mbele upande wa kushoto kusawazisha, na hata hivyo boti ilikwenda imelala ubavu, watu wa ufukweni wakacheka mpaka wakashika viuno.

Ziwa lilikuwa tulivu, rangi ya chai ya maziwa. Boti ilitembea polepole, nyuzi nyuma. Siti hakuona ziwa wala ndege. Aliona mkono wa Hamis. Mkono ule uligusa fimbo ya Tabu, ukaikaza. Ya Siti haukuigusa. Baada ya kitambo ukaigusa ya Tabu tena. Siti alikuwa na kisu cha kukatia chambo mapajani.

Ghafla fimbo ya Tabu ikatetemeka, ikainama. Ya Siti nayo ikainama, kwa sababu kule nyuma nyuzi zilikuwa zimeshasokotana kama kamba ya ndoo, na uliovutwa mmoja uliuvuta mwingine. Kambale mkubwa akageuka juu ya maji, kichwa kipana kama kikaango, sharubu zinapepea. Hamis akapiga kelele wasiguse kitu, akaizima mashine, akawapa mgongo kuinyanyua ili nyuzi zisiingie kwenye pangaboi.

Siti aliona ya Tabu ndiyo iliyotangulia kutetemeka. Macho yake yakaufuata uzi wa Tabu toka nchani mwa fimbo mpaka kwenye msokoto, na ndani ya msokoto uzi ukawa ni uzi tu. Upande wa pili zilitoka nyuzi mbili nyeupe, mmoja umelegea, mmoja umekaza kwenda kwa samaki. Akakiona kitanda cha Tabu kimesimama kwa miguu minne. Akavisikia vile vicheko. Akainama, akapeleka kisu kwenye ule uliokaza.

Fimbo zote mbili zikanyooka. Maji yakafunga.

Boazi akaja kuuvuta msokoto ndani na kuufungua kwenye magoti yake. Uzi wa Tabu ukatoka mzima, ndoano yake mwishoni na chambo hakijaguswa. Uzi wa Siti ukatoka mtupu. Samaki alikuwa wake.

Hamis akauliza kumetokea nini. Tabu alikuwa ameona kisu. Siti alijua ameona, maana macho yao yalikutana juu yake. Tabu akachukua ncha ya uzi ule, imekatika safi, akaizungusha vidoleni.

"Amekata kwa meno," akasema. "Dada Siti bahati yake mbaya, alikuwa wake huyu."

Boazi, aliyekuwa amewachuna kambale tangu utoto na hajaona mwenye meno ya kukata uzi, akaangalia mawingu. Hamis akasonya, akasema kesho wataanza upya. Tabu akasema cha kwake kikombe kihamishiwe kushoto, yeye hana neno, na Boazi avilaze vyote apendavyo.

Kikahamishwa. Boti ikasimama vizuri majini. Na samaki wa kwanza kuingia ndani alikuwa wa kushoto.

Hamis alipanda Tunduma na samaki huyo wa kubadilishana, akarudi na bomba moja. Kitanda cha Tabu kikapata mguu wake wa nne. Siti alikaa mlangoni siku mbili, hapiki cha maana, anajiambia kwamba zamu yake itakapofika mume atakuja, atautazama mkeka, atashika kiuno, atavuka ua. Hata maneno ya kumwambia alikuwa ameyapanga.

Alasiri ya zamu yake akasikia hodi. Boazi na mwenzake walisimama nje wamebeba kitanda, na nyuma yao Tabu, mto kichwani, shuka limekunjwa mkononi.

"Zamu yako leo, dada," akasema. "Kesho kutwa nitawatuma wakichukue."

Siti alitafuta neno baya. Siku zote alikuwa nayo mengi. Alimtazama usoni kutafuta dharau, hakuiona, na laiti angeiona angepumua. Akasogea pembeni, kitanda kikapita, kikawekwa mahali pa kile cha harusi yake. Tabu akatandika shuka mwenyewe, akalinyoosha, likanukia udi wa nyumbani kwake, kisha akaaga akaondoka kwa mwendo wake ule usio na haraka.

Siti akaketi ukingoni mwa kitanda cha mwenzake. Uzuri alikuwa ameshamwachia, na ujana, na vicheko. Wema alidhani bado ni wake. Akaunusa ule udi, akamwonea wivu kuliko siku zote, akalia.