Nyumba Yenye Haya

Wageni walipoondoka, Mwalimu alisimama kizingitini kama kawaida yake, akawapungia mkono mpaka gari lao likakata kona kwenye duka la dawa. Gari lilipopotea, nyumba ikaanza kujiachia. Kwanza mlango wa kabati ulilala sakafuni. Kisha sinki ya kunawia ikaachana na ukuta, maji yakamwagika. Mwisho boriti ya sebuleni, ile inayobeba paa lote hadi chumba cha nyuma, ikapasuka katikati na kuning'inia.

"Dada," mdogo wake aliita kutoka jikoni, "njoo uone watu wako wametuachia nini."

Mwalimu alifunga maji, halafu akaenda kuchukua ufagio.

Nyumba hiyo ilikuwa na adabu, na adabu yenyewe ilitoka kwake. Alifundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu, na kila jioni alirudi nyumbani na sauti ileile ya darasani: mgeni akiingia tunakaa vizuri, mgeni haonyeshwi palipochanika. Watoto hakujaliwa, na mdogo wake hakuwa mtu wa kufundishika, kwa hiyo aliyelishika somo ni nyumba. Mgeni akikaribishwa, nyufa zilijifumba, bawaba zilinyamaza, rangi ikarudi ukutani. Akienda zake, kila kitu kilirudi kilivyokuwa. Majirani walijua na hawakuwa na neno. Nyumba ya fundi viatu, jirani yao, ilikuwa inakoroma, na yeye alikuwa ameshaizoea.

Baada ya kustaafu, dada hao wawili walihamia chumba cha nyuma, wakapangisha sehemu ya mbele kwa wageni wa siku chache kupitia kampuni moja ya kwenye simu. Kampuni ilikata fungu lake kila mgeni alipolala, na ikaahidi kwa herufi kubwa kwamba mgeni akiharibu kitu, mwenye nyumba asiwe na wasiwasi, kuna ulinzi. Mwalimu aliyaamini maneno hayo. Yeye akiandika kitu ubaoni huwa amekimaanisha, akadhani na wengine wako hivyo.

Wageni hao walioondoka walikuwa wanaume wazima, watu na kazi zao. Walifunga bembea kwenye boriti wakaipanda wote kwa pamoja ili wapigwe picha. Mmoja alikalia sinki huku anaongea na simu. Mlango wa kabati waliung'oa wakakatia nyama juu yake. Mdogo wake Mwalimu aliyasikia yote kupitia ukutani, pamoja na vicheko, na mmoja wao akisema, "We acha, kampuni italipa." Asubuhi huyohuyo alimpa Mwalimu mkono na kumwambia nyumba yake ni nzuri mno. Na kweli, wakati huo ilikuwa nzuri, maana ilikuwa imejikaza kwa ajili yake.

Seremala alikuja, akainua macho, akatikisa kichwa. Boriti ya namna ile haikufikiwa na pensheni ya mwalimu wa darasa la kwanza, na isipobadilishwa kabla ya mvua, paa lingelala juu ya vitanda vya nyuma. Mwalimu akapiga picha kila kilichovunjika, akaandika "Karibuni muone", akazituma. Zilipofika kwenye kampuni zilionyesha sebule safi, kabati zima na sinki inayong'aa. Nyumba haikufundishwa kubagua. Jicho la mtu baki likikaribishwa lilikuwa jicho la mgeni hata likiwa ndani ya simu.

"Mama, hapa naona dari zuri kabisa," alisema binti wa huduma kwa wateja. "Tena hongera."

"Limepasuka, mwanangu."

"Basi tutamtuma mkaguzi."

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye viatu vya mpira na kamera shingoni. Alipiga hodi. Mwalimu akaitikia, "Karibu, mwanangu, karibu ndani," na juu yao boriti ikajiunga kwa mlio mdogo. Mkaguzi aliigonga kwa kiganja. Akafungua bomba, akafunga. Akafungua kabati, akafunga.

"Mwalimu, mbona nyumba ni nzima?"

"Inajikaza kwa sababu yako."

"Najua. Ziko nyingi za hivi," alisema mkaguzi. "Ila mimi naandika ninachokiona."

Alipofika barabarani, boriti ikashuka tena, safari hii chini zaidi.

"Shida ni huo mdomo wako," mdogo wake alisema. "Ukisema karibu, nayo inasikia kuna mgeni. Akija tena, nyamaza."

"Nimwache mtu mlangoni kama mbwa koko?"

"Mwache. Au kalale chini ya boriti."

Mwalimu aliomba ukaguzi wa pili, na siku ya ukaguzi akavaa gauni lake la sikukuu, kana kwamba nguo ingefidia alichokusudia kufanya. Mkaguzi akapiga hodi. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, ameng'ata midomo, mdogo wake amemshika mkono. "Hodi, Mwalimu." Kimya. "Hodi wenyewe." Kimya. Mkaguzi akasukuma mlango, akaingia bila kukaribishwa na mtu, na nyumba ikabaki ilivyo: boriti inaning'inia, sinki iko chini, mlango wa kabati una alama za kisu. Akapiga picha zote.

"Poleni sana," alisema, na alisema kutoka moyoni.

Mwalimu alilia. Boriti haikumliza. Alilizwa na zile hodi tatu.

Jibu la kampuni lilikuja kwa simu, kwa sauti ileile ya binti wa huduma kwa wateja.

"Mama, tumepitia kila kitu. Ukaguzi wa kwanza ulikuta nyumba nzima. Wa pili umekuta imevunjika. Maana yake imevunjika katikati hapo, wageni wakiwa wameshaondoka. Huo uharibifu hatuulipii."

"Mkaguzi wenu anajua kwamba nyumba ina haya."

"Ndiyo, ametueleza vizuri sana, na tumekubali. Nyumba ina haya. Haya haimo kwenye ulinzi."

"Mwanangu…"

"Na pia, mama, mkaguzi wetu alipiga hodi mara tatu hakuitikiwa. Hilo limeingia kwenye rekodi yako. Likijirudia, tutakuondoa."

Wamekubali! Angeambiwa ni mwongo, angalau angekuwa na kitu cha kupigania. Waliamini kila neno, wakalipanga neno juu ya neno, kisha wakamfungia nje kwa maneno yake mwenyewe. Na fungu lao la kila mgeni wameshakula na kufuta midomo.

Wageni waliofuata walikuwa mke na mume na mtoto mchanga. Kuwakataa kungekuwa sababu ya kuondolewa. Walipofika, mume alikuwa na mabegi, mke amemlaza mtoto begani. Mawingu yalikuwa yamejaa.

"Hodi hapa!"

"Usiwakaribishe," mdogo wake alinong'ona nyuma ya mlango. "Waingie hivyohivyo, iwashukie. Mgeni akiumia wanalipa siku hiyohiyo."

Na alikuwa anasema kweli, ndiyo sababu Mwalimu hakumkaripia. Alisimama na hasira ya mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma ahadi zilizoandikwa. Kimya chake tu kingetosha. Kila kitu kingeonekana, na safari hii wangelipa. Mtoto akageuza kichwa begani kwa mama yake, akapiga miayo.

"Karibuni," alisema Mwalimu. "Karibuni ndani."

Boriti ikapanda taratibu, ikiugua.

"Nini hicho?" aliuliza mama wa mtoto.

"Nyumba inasimama."

"Ahaa," alisema yule mama, akaenda kumlaza mtoto.

Mvua ilianza jioni hiyo na tone halikupita. Wageni walikaa muda wao, wakalala vizuri, wakaondoka wameridhika. Kwenye simu waliipa nyumba nyota zote, wakaandika kwamba ni imara, hasa paa. Kampuni ikayachukua maneno hayo, ikayaweka kwenye malalamiko ya Mwalimu kama ushahidi wa mgeni mwenyewe, kisha ikayafunga malalamiko hayo.

Ujumbe ulimkuta Mwalimu uani. Wageni walikuwa wameshakata kona, boriti ilikuwa imeshashuka, na paa la nyuma lilikuwa juu ya vitanda. Magodoro walikuwa wameyapandisha juu ya matofali. Yeye alishika ncha moja ya turubai, mdogo wake akashika nyingine, mvua ikipiga katikati yao.

"Wamesema nini?" aliuliza mdogo wake.

Mwalimu aliufuta uso wa simu kwa kanga, akausoma ujumbe tena hadi mwisho.

"Wanatupongeza," alisema.